Wembe wa babu, wembe wa dukani, au wembe wa Ujerumani?

Assalaam aleikum Mjomba, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Tanga, Chumbageni. Nafanya kazi ya ofisini bandarini, na bosi wetu hataki kuona mtu amekuja na ndevu za juzi. Shida yangu ni kwamba ndevu zangu ni za kipilipili, zimejaa zaidi kooni na chini ya taya. Nanyoa kwa zile nyembe za plastiki za kutupa zenye makali matatu. Kila nikinyoa, baada ya siku moja au mbili koo lote linatoka vipele. Vingine vinatunga usaha, vingine vimeniachia madoa meusi. Kinyozi wangu akanishauri nipake Magic, ile dawa ya kuondoa ndevu bila wembe, nikapaka, ngozi ikawaka moto nikaacha.

Rafiki yangu mmoja akanionyesha video za watu wanaonyoa kwa wembe wa kukunja, ule mrefu wa kizamani. Anasema huo ndio dawa ya vipele. Tangu siku hiyo sina raha, nautaka. Lakini nina njia tatu mbele yangu na sijui nishike ipi.

Kuna muuza vitu wa mtandaoni ana seti nzima: wembe, mkanda, brashi, bakuli, sabuni na jiwe la kunolea, yote kwa elfu sabini. Halafu kwenye sanduku la marehemu babu tumekuta wembe wake. Umeandikwa Solingen pale kwenye shina, una kutu kiasi, na makali yamemeguka kidogo karibu na ncha. Bibi amesema niuchukue mimi. Na tatu, kaka yangu yuko Köln, Ujerumani. Anakuja Desemba na ameahidi kuniletea ninachotaka mradi kisizidi Euro 200.

Nishike kipi? Hapa Tanga nitanoa kwa nani? Na je, ni kweli vipele vitaisha? Jambo la mwisho: nalala chumba kimoja na mdogo wangu wa miaka 18 ambaye naye ndevu zimeanza kumtoka. Tunaweza kuutumia wote wawili?

Wako,
Mpwa wa Chumbageni

*

Waaleikum salaam mpwa wangu, marahaba.

Naanza na vipele, kwa sababu ndivyo vilivyokufikisha hapa, na usipovielewa wembe wowote utakaonunua utakuumiza vilevile.

Unywele wa kipilipili hautoki kwenye ngozi umenyooka, unatoka ukiwa tayari umejipinda. Ukiukata, unabaki na ncha kali. Ncha hiyo ikikua kidogo inajikunja na kurudi kutoboa ngozi pembeni ya pale ilipotokea. Mwili unauona unywele ule kama mwiba, unavimba kupambana nao, na hicho ndicho kipele. Njia ya pili ni mbaya zaidi: unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi, basi unapoota unatoboa ukiwa bado ndani kwa ndani. Wembe wa makali matatu unafanya hasa kazi hiyo. Kali la kwanza linauvuta unywele, la pili linaukata ukiwa umevutika, la tatu linarudia, halafu kisiki kinazama chini. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hiyo ni sifa, lakini kwako wewe ni maradhi.

Kwa hiyo rafiki yako kasema kweli, ila nusu. Wembe wa kali moja unasaidia kwa sababu hauvuti unywele kabla ya kuukata. Lakini ukiutumia kama wale wa kwenye video, wanaopita mara tatu, mara ya mwisho kinyume na ndevu mpaka shavu linateleza, utarudi kulekule. Wembe wa kukunja ulionolewa vizuri unaweza kukata karibu sana na ngozi kuliko hata hizo za plastiki. Wewe lengo lako si shavu la kuteleza. Lengo lako ni uso safi wa kwenda kazini, wenye kivuli kidogo ambacho mtu akigusa anakisikia. Ukilikubali hilo, twende mbele. Kama hulikubali, okoa hela ya kaka yako.

Na kuna jambo la kufanya kuanzia leo, kabla Desemba haijafika. Acha kabisa kunyoa koo kwa wembe kwa wiki nne hivi. Tumia mashine ya umeme ya kinyozi, iache ndevu kama milimita moja, isiguse ngozi. Mweleze bosi wako kwamba una tatizo la ngozi, atakuelewa. Nywele zilizonasa zitajitoa zenyewe zikirefuka, usizifukue kwa pini. Magic usiirudie. Ile ni kemikali inayoyeyusha unywele, ngozi iliyokwisha waka haitakiwi kuipata tena, na yenye vidonda ndiyo kabisa. Madoa yasikupeleke kwenye krimu za kuchubua. Kama kuna vipele vigumu vilivyokuwa makovu ya kuvimba, au usaha haukauki, nenda hospitali ya Bombo ukaonane na daktari. Ikibidi watakuelekeza hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kuna kituo cha kanda kinachofundisha madaktari wa ngozi. Mtu mwenye makovu ya kuvimba simshauri wembe wa aina yoyote.

Sasa tuje kwenye njia zako tatu.

Seti ya elfu sabini, achana nayo. Wala sisemi hivyo kwa sababu ya bei ndogo. Wembe wa kukunja ni makali kwanza, vingine vyote baadaye, na hakuna anayeweza kukuuzia wembe ulionolewa kwa mkono, mkanda, brashi, bakuli na jiwe kwa hela hiyo. Kinachokuja ni chuma chenye umbo la wembe. Kitakata karatasi, muuzaji atakupigia picha kikikata karatasi, lakini uso si karatasi. Mwanafunzi akianza na wembe butu anaukandamiza, akiukandamiza anajikata, anaamini kwamba mikono yake ndiyo mibaya. Na lile jiwe la kwenye seti mara nyingi ni la kunolea visu vya jikoni.

Wembe wa babu unanigusa, na sitaki ukae kabatini uoze. Solingen ni mji wa mafundi wa visu na nyembe tangu zama za kati, na tangu mwaka 1938 jina lake linalindwa na sheria ya Ujerumani: asiyetengeneza huko haruhusiwi kuligonga kwenye chuma chake. Kwa hiyo kama mhuri ni wa kweli, babu yako alikuwa na kitu cha maana. Ukague hivi. Ufungue mchana kweupe, uulaze ubapa kwenye kioo cha meza. Mgongo na makali viguse kioo pamoja kuanzia shinani mpaka nchani. Kama unatikisika, chuma kimepinda. Tafuta ufa, hasa ulioanzia kwenye makali. Ufa ukiwepo wembe huo umekufa, ubaki kumbukumbu. Kutu ya juu juu ya kahawia inasuguliwa ikatoka. Inayotisha ni ile nyeusi iliyochimba vishimo karibu na makali, kwa sababu fundi akishanoa atakutana na vishimo badala ya chuma. Angalia na mpini. Kama ni wa selulodi, ile plastiki ya zamani, na unatoa harufu kali au umeanza kutoa jasho, hiyo mivuke yenyewe inakula chuma, utengane nao mapema.

Ule mmeguko wa nchani unarekebishika, ila si kwako wala si kwangu. Fundi anatakiwa asage makali yote yarudi nyuma mpaka mmeguko uishe, halafu anoe upya hatua kwa hatua. Nimesema fundi wa nyembe, narudia, wa nyembe. Usimpe yule mnoa visu anayepita mtaani na baiskeli yake ya kukanyaga! Ni mtu wa kazi yake, na kisu cha bibi atakitengeneza vizuri, lakini gurudumu lake litauchoma wembe moto mpaka chuma kilegee, na litamaliza ule ulingano wa mgongo na makali ambao ndio unaoshika pembe ya kunolea. Kwa hiyo kaka yako akirudi Ulaya, aondoke nao. Kutoka Köln mpaka Solingen ni mwendo mfupi kwa treni. Wataukagua, watamwambia kama unafaa, watamtajia gharama. Ukirudi mzima utakuwa wembe wako wa pili, na kuwa na wa pili kuna faida nitakayoieleza.

Wa kwanza, basi, ni mpya, aulete kaka. Mtumie maelezo haya kabla hajaenda dukani, asije akauziwa kwa urembo wa mpini.

Upana wa ubapa uwe inchi 5/8, yaani kama milimita 16. Mwembamba zaidi ya hapo unayumba mkononi, mpana zaidi unakuzibia usione chini ya pua. Ncha iwe ya mviringo. Ncha ya pembe mraba ni ya mtu aliyezoea, anayetaka kuchora mstari wa sharubu. Kwa mgeni ndiyo inayochana kona ya mdomo na ndewe ya sikio. Ubavu uwe umebonyea kwa wastani. Zile zilizochimbwa sana hadi chuma kinakuwa chembamba na kulia kinapokata ni nzuri, lakini ndevu zako ni ngumu na mkono wako bado mzito, afadhali chuma chenye mwili. Na kwa sababu unaishi Tanga, ambako hewa ya bahari inakula hata bawaba za milango, aombe chuma kisichoshika kutu. Wapenzi wa nyembe hupenda zaidi chuma cha kaboni, maana kinanoleka upesi, na hawajakosea. Mimi kwa mtu wa pwani anayeanza nachagua kisichoshika kutu.

Lililo kubwa kuliko yote hayo: amuulize muuzaji kama wembe ni *rasierfertig*, tayari kwa kunyolea, na nani aliyeunoa. Wembe wa wastani ulionolewa na mkono wa fundi unaushinda wembe wa jina kubwa uliotoka kiwandani moja kwa moja. Solingen kuna Dovo, kampuni ya tangu 1906, na kuna mafundi wadogo wenye karakana zao. Bei ya wembe mpya wa kuaminika huanzia kama Euro mia na kitu. Akitenga 130 kwa ajili ya wembe, salio litatosha vilivyobaki.

Mkanda wa ngozi ni lazima, tena uende pamoja na wembe. Uwe na upana wa sentimita 6 au 7, upande mmoja ngozi, upande mwingine kitambaa kizito. Asinunue wa bei kubwa. Mkanda wa kwanza wa kila mwanafunzi unachanwa, ni ada ya shule, wala usihuzunike. Brashi naomba muwe makini: nyingi za bei nafuu ni za manyoya ya nguruwe, na muuzaji wa huko hatafikiria kukutajia. Achukue ya nyuzi za kutengenezwa. Inatoa povu zuri, inakauka haraka kwenye unyevu wetu, na haina maswali. Kwenye sabuni vilevile, asome viungo. Penye neno *tallow* ujue ni mafuta ya mnyama, achague ya mafuta ya mimea. Mkanda wenyewe auliziwe kama ni ngozi ya ng'ombe.

Asilete jiwe la kunolea. Asilete stendi ya kutundikia wala manukato ya baada ya kunyoa. Bakuli lipo jikoni. Shabu unaipata hapohapo Tanga kwa wauza dawa za asili.

Na akumbuke kuuweka wembe kwenye begi la kukabidhi. Akiupakia kwenye mkoba wa mkononi utaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege.

Sasa kunoa. Kwanza tofautisha kunoa na kunyoosha makali. Kunoa kwenye kinoo kunaondoa chuma, na kwa mtu anayenyoa mara mbili tatu kwa wiki kunahitajika baada ya miezi kadhaa. Mkanda hauondoi chuma cha kuhesabika, unayanyoosha makali yaliyolala, na huo ni kila unapotaka kunyoa. Kwa hiyo swali lako la nani atakunolea Tanga si la Januari. Wembe ukianza kuvuta, paka kromu oksaidi kidogo, ile dawa ya kijani ya kung'arishia makali, kwenye kipande tofauti cha ngozi kilichogundishwa ubaoni, pitisha mara kumi hivi, utaamka. Hiyo itakusogeza mbele muda mrefu. Siku itakapogoma, ndipo unapouona umuhimu wa kuwa na nyembe mbili: mmoja unasafiri na kaka, mwingine unabaki kazini. Baada ya mwaka, kama mapenzi bado yapo, nunua kinoo laini cha namba 12000 ujifunze mwenyewe.

Namna ya kutumia mkanda nataka uielewe vizuri, maana hapo ndipo nyembe nyingi nzuri zinapoharibikia. Ufunge mkanda kwenye kitasa cha dirisha, uukaze kwa mkono wa kushoto usilegee. Laza wembe bapa kabisa, mgongo na makali vyote vimegusa ngozi. Uvute kuelekea kwako mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, usiuinue. Ugeuze kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake, mgongo ukiwa bado umekaa kwenye ngozi, halafu urudishe. Makali yakitangulia, au ukigeuza kwa upande wa makali, umekata mkanda na umekunja makali kwa pamoja. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Fanya polepole kama mtu anayejifunza kuandika, mizunguko 20 kwenye kitambaa, 40 au 50 kwenye ngozi. Wepesi unakuja wenyewe. Wembe ukifika kutoka kwa fundi usiupitishe popote, nyolea kwanza, ili uyajue makali halisi yanavyotakiwa kuwa kabla mkono wako haujayagusa.

Siku ya kunyoa, oga kwanza kwa maji ya vuguvugu. Unywele uliolowa dakika chache unalainika sana, na kwa ndevu za kipilipili hiyo ni nusu ya kazi. Kama maji ya nyumbani ni ya kisima cha chumvi, chota ya mvua au ya chupa, kwa sababu ya chumvi hayatoi povu. Zungusha brashi kwenye sabuni, ongeza maji tone kwa tone mpaka povu liwe zito na la kung'aa kama mtindi. Likiwa jepesi lenye viputo vikubwa linakauka katikati ya shavu na wembe unakwama.

Wiki za mwanzo nyoa mashavu tu, kutoka kwenye sharafa kushuka mpaka usawa wa mdomo. Kwingine kote endelea na mashine ya umeme. Shika ngozi kwa vidole vya mkono wa pili, uitulize isijikunje, lakini usiivute kwa nguvu, kwa sababu ngozi ikivutwa sana unywele unakatwa chini yake. Laza wembe ubapa shavuni, inua mgongo kidogo, kama nyuzi 30, na ushuke kwa mapigo mafupi kufuata ndevu zinavyolala. Usisogeze kamwe kwa upande, hivyo ndivyo kisu kinavyokata nyama. Ukisikia inavuta, acha. Inawezekana pembe imekuwa kubwa, au povu limekauka, au wembe unahitaji mkanda. Kukandamiza si jibu kwa lolote kati ya hayo.

Koo liwe la mwisho, baada ya mashavu kuzoea na vipele kupona kabisa. Kabla ya hapo acha ndevu za koo zikue siku tatu, uzipapase kwa kidole: upande unaokwaruza ndio kinyume. Utashangaa. Kwa wengi wetu chini ya taya zinashuka, katikati ya koo zinalala kwa upande, na karibu na kifua zinapanda. Fuata kila kipande kinavyotaka, mara moja tu, usirudie pasipo na povu. Ukimaliza suuza kwa maji baridi na upitishe shabu iliyolowa. Itawasha pale ulipokandamiza, ndiyo itakayokufundisha zaidi yangu. Usinyoe kila siku. Siku moja wembe, siku moja au mbili mashine.

Wembe usafishe kwa maji, ufute kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, ukauke wazi kabla hujaufunga. Paka tone la mafuta ya cherehani, hata kama ni chuma kisichoshika kutu, na usiuhifadhi bafuni. Siku utakapokwenda kazini ghafla au mkono unatetemeka, uache. Na kama baada ya miezi miwili utaona mambo ya mkanda yamekuchosha, kuna kile kishikio cha chuma kinachofungwa wembe wa kawaida wa pande mbili, ule ambao Mmarekani King Gillette alianza kuuuza mwaka 1903. Nao unakata kwa kali moja kwa wakati, unafaa ngozi yako, na nyembe zake ziko kila duka la mtaani. Hutakuwa umeshindwa.

Kuhusu mdogo wako: hapana. Hata mkiwa mmezaliwa tumbo moja. Wembe wa kukunja hautupwi kama wa kinyozi, damu inaweza kukaa penye bawaba na ndani ya mpini ambako kitambaa hakifiki, na homa ya ini aina ya B inaambukizwa kwa damu kidogo sana isiyoonekana. Kuusugua kwa spiriti nyumbani si kuutakasa. Kwa ndevu za miaka 18 hicho kishikio cha wembe wa pande mbili kinamtosha, tena awe na chake peke yake. Wako uweke mahali pa juu penye kufuli, na umwambie kaka kwenye ujumbe huohuo alete brashi mbili.

Mjomba wako